Daktari anamsikiliza mume wangu, mimi hanisikii

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, nimeolewa na ninaishi Tanga, ambako ninafanya kazi ya uhasibu katika kampuni binafsi. Ninakuandikia kuhusu jambo nililolibeba tangu nilipovunja ungo nikiwa na miaka 13, ambalo sasa limeingia katika ndoa yangu na kunifanya nianze kuitilia shaka akili yangu mwenyewe.

Kila hedhi inapokaribia, maumivu hunianza chini ya kitovu, yakazunguka kiunoni na kushuka mapajani. Siku mbili za mwanzo siwezi kusimama wima, hutapika chochote nilichokula, na kwenda haja kubwa katika siku hizo huniuma kiasi cha kunitoa machozi. Nilipokuwa shule ya bweni, matroni alikuwa akinipa Panadol na kuniambia kwamba wasichana wote hupitia hayo. Nyumbani mama alinichemshia dawa za chango, na bibi akanihakikishia kwamba nikishazaa mtoto wa kwanza tumbo litatulia.

Nimekwenda katika zahanati na hospitali mara nyingi. Karibu kila mara hupimwa mkojo, huambiwa nina UTI, hupewa antibayotiki, na mwezi unaofuata hujikuta palepale. Mara nyingine niliambiwa kuwa nina maambukizi kwenye kizazi, na kabla ya kuandikiwa sindano nikaulizwa nina wanaume wangapi, wakati huo sijaolewa. Daktari mwingine alitabasamu akasema, "Binti, olewa uzae, haya yote yatakwisha." Nimeolewa, mwaka wa tatu huu, na sijapata ujauzito.

Kilichonifanya nikuandikie kilitokea mwezi uliopita. Mume wangu, ambaye ni mtu mwema na mwenye huruma, aliomba ruhusa kazini akanisindikiza hospitali. Nilipoanza kujieleza, daktari alikuwa akiandika bila kuniangalia. Mume wangu alipodakia na kusema kwamba nikiwa katika siku zangu yeye hulazimika kunibeba kunipeleka bafuni, daktari aliweka kalamu chini na kuanza kumwuliza yeye: maumivu yalianza lini, yanachukua siku ngapi, ninatumia dawa gani. Mimi nilikuwa nimekaa palepale. Kipimo cha altrasaundi, ambacho niliwahi kukiomba nikaambiwa hakuna haja, kiliandikwa dakika ileile. Majibu yalipotoka, aliyeelezwa ni mume wangu: kizazi kinaonekana safi, hakuna tatizo, huenda ni mawazo ya kutafuta mtoto, kwa hiyo anipeleke nyumbani nipumzike. Nina maumivu pia wakati wa tendo la ndoa, lakini sikuweza kulitaja hilo mbele yao.

Mama mkwe ameshasikia kwamba kizazi kiko safi, na sasa anasema najidekeza, au kwamba nilijiharibu kwa dawa za uzazi wa mpango kabla ya kuolewa, jambo ambalo si kweli. Nimeandikiwa vipimo vya homoni na kipimo cha mirija. Mume wangu hajaandikiwa chochote.

Naomba unisaidie, Shangazi. Je, inawezekana maumivu haya ni ya mawazo? Nirudi hospitali peke yangu, au niendelee kumtanguliza mume wangu kwa kuwa yeye ndiye anayesikilizwa? Na nikirudi, niseme nini ambacho bado sijakisema?

Msomaji wako, Tanga

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na swali lako la kwanza, kwa sababu ndilo lililokuumiza zaidi. Maumivu yanayomfanya mtu mzima ashindwe kusimama, atapike na alie chooni, yakirudi kila mwezi kwa miaka 16, ni dalili ya kitabibu inayotakiwa kuchunguzwa mpaka ijulikane chanzo chake. Hedhi inaweza kuleta usumbufu, na wanawake wengi wanaujua usumbufu huo unaotulia kwa kidonge kimoja au kwa chupa ya maji ya moto. Unachokieleza wewe kimevuka mpaka huo tangu ukiwa msichana wa shule, na mtu mzima wa kwanza uliyemweleza ndiye aliyepaswa kuliona hilo.

Siwezi kukupima kupitia barua. Hata hivyo, dalili ulizozitaja kwa pamoja, yaani maumivu makali ya hedhi, maumivu wakati wa haja kubwa katika siku hizo, maumivu wakati wa tendo la ndoa na kuchelewa kupata ujauzito, ndizo ambazo vitabu vya tiba huzitaja katika ugonjwa unaoitwa endometriosisi. Katika ugonjwa huu, tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake: kwenye vifuko vya mayai, kwenye mirija, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo au kibofu, na kwa nadra hata kifuani. Huko ziliko huitikia homoni za kila mwezi, huvimba, huleta uchochezi, yaani hali ya tishu kuwaka na kuuma, na makovu, na wakati mwingine hugandisha viungo vinavyopaswa kuteleza kimoja juu ya kingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu wapatao milioni 190 duniani, wanaishi na ugonjwa huu. Yapo pia magonjwa mengine yanayofanana nao, kama vile adenomiosisi (tishu za aina hiyo kuota ndani ya misuli ya kizazi), uvimbe wa faibroidi na maambukizi sugu ya nyonga, na ndiyo maana unahitaji daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake atakayeyatofautisha.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu ile altrasaundi, maana hapo ndipo wengi hukwama. Altrasaundi ya kawaida huonyesha vizuri uvimbe na vifuko vya mayai vilivyojaa damu nzito ya zamani, lakini mabaka madogo ya endometriosisi yaliyosambaa juu ya utando wa tumbo mara nyingi hayaonekani humo. Kwa hiyo kipimo kilichotoka safi hakiwezi kutumika kusema kwamba mgonjwa hana endometriosisi, wala hakiwezi kabisa kutumika kusema kwamba hana maumivu. Mwongozo wa wataalamu wa uzazi wa Ulaya uliotolewa mwaka 2022 unasema hivyo waziwazi: picha ikiwa safi, ugonjwa bado haujaondolewa katika hesabu. Mwongozo huohuo unawataka madaktari wasimshauri mwanamke kubeba mimba kwa lengo la kutibu endometriosisi. Maneno uliyoambiwa ya kuolewa na kuzaa ili upone yametembea kwa vizazi vingi, kutoka jikoni kwa bibi hadi chumba cha daktari, na hayana msingi wa kitabibu. Ujauzito unaweza kutuliza dalili kwa muda kwa baadhi ya wanawake, lakini si tiba. Na kumwandikia mimba kama dawa mwanamke ambaye ugonjwa wake wenyewe huenda ndio unaomchelewesha kupata mimba ni kumwongezea jeraha.

Utajiuliza inawezekanaje watu wengi hivyo, tena wenye elimu, wakose kuliona jambo lililo mbele yao. Naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu ukiielewa sababu utaacha kujilaumu.

Kwa sehemu kubwa, tiba ya kisasa imejengwa juu ya mwili wa mwanamume. Mwaka 1977 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa mwongozo uliowaondoa wanawake wenye uwezo wa kuzaa katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa, kwa hofu ya kudhuru watoto ambao wangeweza kutungwa. Utafiti mkubwa uliothibitisha kwamba aspirini husaidia kuzuia mshtuko wa moyo, ambao matokeo yake ya mwisho yalichapishwa mwaka 1989, uliwashirikisha madaktari wanaume 22,071, na hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Ni mwaka 1993 tu sheria ya Marekani ilipolazimisha wanawake waingizwe katika tafiti za tiba zinazogharimiwa na serikali ya nchi hiyo. Athari za miaka ile bado zinaonekana: mwaka 2013 mamlaka hiyohiyo iligundua kwamba dawa ya usingizi ya zolpidemu hukaa mwilini mwa mwanamke kwa muda mrefu zaidi kuliko mwilini mwa mwanamume, ikaamuru kipimo cha kuanzia kwa wanawake kipunguzwe kutoka miligramu 10 hadi 5, baada ya wanawake kuimeza kwa miongo miwili katika kipimo cha wanaume. Dawa na miongozo hiyo ndiyo inayofika kwetu pia.

Kuhusu maumivu yenyewe, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia wagonjwa karibu 1,000 waliofika katika idara ya dharura ya hospitali moja ya Marekani wakiwa na maumivu makali ya tumbo. Ingawa wanawake na wanaume walitaja maumivu ya kiwango kinachofanana, wanaume walisubiri dawa ya maumivu kwa dakika 49 na wanawake kwa dakika 65, na wanawake walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kupewa dawa hizo kabisa. Huko Uingereza, nchi yenye huduma ya afya ya umma kwa kila mkazi, chama cha wagonjwa wa endometriosisi kilieleza mwaka 2024 kwamba mwanamke husubiri wastani wa miaka 8 na miezi 10 tangu anapomwona daktari kwa mara ya kwanza hadi kujulikana anaumwa nini. Kwa hiyo, mwanangu, usidhani umepatwa na bahati mbaya ya kukutana na daktari mmoja mkorofi. Haya ni mazoea ya kitaaluma yaliyoenea kote.

Kwetu mazoea hayo yamekuta udongo uliokwisha kulimwa. Binti anapovunja ungo hufundishwa na somo au kungwi wake kwamba mwanamke ni mvumilivu, kwamba siku zake ni siri na kwamba kulalamika ni kujiaibisha. Katika mafunzo hayo yamo mengi mema, na mimi siyadharau. Lakini binti huyo akifika hospitali akiwa amefundwa kunong'ona, na muuguzi aliyempokea alifundwa vilevile, na daktari naye alilelewa nyumbani ambako mama hakuwahi kusema anaumwa, nani atautaja ugonjwa? Angalia pia kwamba matroni wako, mama yako na bibi yako wote ni wanawake. Ndiyo maana, ingawa una haki kamili ya kuomba daktari wa kike, nisingependa uweke tumaini lako lote hapo.

Kilele cha mazoea haya kiko katika wodi za kujifungulia, ambako mwanamke mwenye uchungu bado hufokewa anyamaze. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko la kupinga kudharauliwa na kunyanyaswa kwa wanawake wakati wa kujifungua, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya mjini Bungoma iliamuru mwanamke aliyeachwa kujifungulia sakafuni katika hospitali ya umma, kisha akapigwa na kutukanwa, alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 za nchi hiyo. Nalitaja hilo ili ujue kwamba kudai kusikilizwa hospitalini ni kudai haki, na mahakama za ukanda wetu zimeshalitambua jambo hilo.

Nawahurumia madaktari wetu kwa dhati. Foleni ni ndefu, wataalamu ni wachache, na kipimo cha mkojo ndicho kilicho karibu na ndicho cha bei nafuu. Lakini katika kisa chako udhuru huo haufui dafu, kwa sababu daktari alikuwa yuleyule, foleni ileile na siku ileile. Muda wa kuuliza maswali ulipatikana mara tu mwanamume alipofungua kinywa. Hakusema jambo la kitaalamu kuliko wewe, na wala hayuko ndani ya tumbo lako.

Wako wanawake waliolisema jambo hili hadharani kabla yako, na ningependa uwajue. Millen Magese, aliyekuwa Miss Tanzania mwaka 2001, alieleza kwa miaka mingi jinsi endometriosisi ilivyomtesa tangu usichana wake na kumpitisha katika operesheni zaidi ya kumi, akaanzisha taasisi ya kuwaelimisha wasichana kuhusu ugonjwa huo, na mwaka 2017 akajifungua mtoto wa kiume. Nchini Kenya, mtangazaji Njambi Koikai alikuwa na aina ya endometriosisi iliyofika kifuani na kusababisha mapafu yake kusinyaa mara kwa mara, hata akalazimika kwenda Marekani mwaka 2018 kwa upasuaji. Alifariki mwezi Juni 2024 baada ya kuifanya sauti yake kuwa ya wengi waliokuwa wakiitwa wavivu. Sikutajii habari hiyo ili kukutisha, kwa kuwa ugonjwa wa kiwango chake ni wa nadra sana. Nakutajia kwa sababu naye alihangaika miaka mingi kabla ya kupata jina la kilichokuwa kikimuua.

Sasa tuje kwenye kurudi kwako hospitali.

Kabla ya kwenda, andika. Chukua daftari dogo, na kuanzia mzunguko huu uandike tarehe hedhi ilipoanza, maumivu ya kila siku kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, dawa uliyomeza na kama ilisaidia, idadi ya pedi ulizobadilisha, maumivu ya haja kubwa, ya haja ndogo na ya tendo la ndoa. La muhimu kuliko yote, andika ulichoshindwa kukifanya: siku uliyokosa kazi, usiku usiolala, chakula ulichotapika. Nimeona mara nyingi kwamba mwanamke akisema "naumwa sana" hupita kama upepo, lakini akisema kwamba katika miezi mitatu amekosa kazi siku kadhaa na kuzitaja kwa tarehe, kalamu ya daktari husogea. Si haki kwamba mgonjwa alazimike kubeba ushahidi wa maumivu yake kama mshitakiwa. Naliona hilo na linanikera. Lakini mpaka watabibu wetu wabadilike, daftari hilo litakusaidia, na huna haja ya kungoja lijae: andika leo unayoyakumbuka kuhusu miezi iliyopita, kisha endelea. Kusanya pia vyeti na majibu yako yote ya zamani, hasa vile vipimo vya mkojo. Kama baadhi vilionyesha hakuna vijidudu na bado ukapewa antibayotiki, hilo ni jambo la kumwonyesha bingwa.

Omba barua ya rufaa kwenda kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, na kama unatumia bima, hakikisha rufaa hiyo imefuata utaratibu ili usije ukakataliwa mapokezi. Hospitali za kanda na ya taifa, kama KCMC Moshi na Muhimbili Dar es Salaam, zina mabingwa wa fani hiyo. Ukifika mbele yake, usianze na maelezo ya miaka yote. Anza na sentensi moja inayobeba mzigo wote: "Daktari, nina maumivu makali ya hedhi tangu nilipovunja ungo, nina maumivu ya haja kubwa katika siku hizo na ya tendo la ndoa, natafuta mtoto bila mafanikio, na ninaomba nichunguzwe kama nina endometriosisi." Lile la tendo la ndoa ulilolificha usilifiche tena. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na hapa neno lao linatimia kwa maana yake ya wazi kabisa, kwa sababu dalili hiyo moja inaweza kubadilisha njia nzima ya uchunguzi.

Akikuambia kwamba huna tatizo, usiinuke kwenye kiti kwa haraka. Muulize kwa adabu, "Kama si endometriosisi, unafikiri ni nini, na tutakijuaje?" Akikataa kukuchunguza zaidi, mwombe aandike kwenye faili lako kwamba umeomba uchunguzi huo na sababu za kutoufanya. Ombi hilo ni la heshima na ni haki yako. Nimewaona wengi wakibadili uamuzi wanapotakiwa kuuandika.

Kuhusu tiba, yapo mambo kadhaa ya kuzungumza naye. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa mapema, dalili za kwanza zinapojitokeza, kuliko zikimezwa maumivu yakiwa yameshapanda. Lakini hazimfai kila mtu, hasa mwenye vidonda vya tumbo, pumu au matatizo ya figo, kwa hiyo uliza kwanza. Tiba za homoni, zikiwemo vidonge, sindano au kitanzi chenye homoni, hutuliza ugonjwa kwa wengi, ila huzuia mimba wakati zinapotumika. Mwambie mapema kwamba unatafuta mtoto, ili mpime pamoja kama upasuaji wa matundu madogo unakufaa. Upasuaji huo humwezesha daktari kuyaona mabaka na kuyaondoa kwa mara moja, na kwa baadhi ya wanawake huongeza nafasi ya kushika mimba. Pima pia wingi wa damu, kwa kuwa damu ya hedhi ikitoka kwa wingi huleta upungufu unaomchosha mtu, naye akaitwa mvivu juu yake.

Kile kipimo cha mirija ulichoandikiwa huingiza dawa kwenye kizazi na kupiga picha, na kwa wanawake wengi huuma. Omba dawa ya maumivu ya kumeza kabla ya kipimo, kwa maana mara nyingi hawakupi usipoomba. Na hapa nina neno kuhusu mume wako. Wanaume huchangia katika takriban nusu ya matatizo ya kukosa mtoto, ama peke yao ama pamoja na wake zao, na kipimo chao cha kwanza ni cha mbegu, ambacho hakina sindano wala kisu: anajizuia kati ya siku mbili na saba, anatoa sampuli, basi. Kumpitisha mwanamke katika vipimo vyenye maumivu kabla mwanamume hajafanya kile kilicho rahisi ni upendeleo, hata kama hakuna aliyekusudia. Mwombe mume wako apime kwanza. Kwa namna ulivyomweleza, naamini atakubali.

Hilo linanileta kwenye swali lako la pili. Nenda naye, ila badilisheni kazi zenu. Kabla ya kuingia mkubaliane kwamba wewe ndiwe utakayeeleza, na daktari akimgeukia yeye, ajibu kwa maneno machache: "Daktari, mke wangu atakueleza mwenyewe." Yeye abaki kuwa shahidi wa aliyoyaona, kama lile la kukubeba, nalo lina uzito wake. Omba pia dakika chache za kuwa peke yako na daktari kwa yale usiyotaka kuyasema mbele ya mwingine. Majibu ya vipimo vyako ni siri yako, na wewe ndiwe unayepaswa kuelezwa kwanza. Ikifika hatua ya upasuaji, mtu mzima mwenye akili timamu ndiye anayeridhia kile kitakachofanywa katika mwili wake. Mumeo kushirikishwa ni jambo jema la ndoa, lakini sahihi yake haiwezi kuchukua nafasi ya ridhaa yako.

Kuhusu aliyekuuliza idadi ya wanaume kwa dharau na aliyekupuuza mwezi uliopita, usione haya kulalamika. Anza kwa maandishi kwa mganga mfawidhi wa hospitali hiyo au katika ofisi ya ustawi wa jamii iliyomo humo, kwa lugha ya staha, ukitaja tarehe na kilichosemwa. Usipojibiwa, ngazi inayofuata ni mganga mkuu wa wilaya, na kwa mwenendo wa daktari mwenyewe lipo Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo lina mamlaka ya kusikiliza mashauri ya kitaaluma. Lakini afya yako itangulie. Barua inaweza kungoja mpaka upate bingwa.

Jambo moja lisingoje hata siku moja. Ukipata maumivu makali ya ghafla ya upande mmoja huku hedhi imechelewa, ukazimia, au maumivu yakaja na homa kali, nenda hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu hizo zinaweza kuwa dalili za mimba iliyotunga nje ya kizazi au za hatari nyingine.

Amebaki mama mkwe. Usibishane naye, na wala usimpelekee majibu yako ya hospitali. Mume wako ndiye mwenye lugha ya kuzungumza na mama yake, na ndiye aliyekuona ukitambaa kwenda bafuni. Amweleze mambo mawili tu: kwamba mke wake anaumwa ugonjwa unaotafutiwa tiba, na kwamba yeye mwenyewe pia anakwenda kupima.

Shangazi